Mnyama wa asili na mnyama wa kipekee: tofauti yake katika filamu za wanyamapori

Msimulizi wa filamu ya wanyamapori kwenye runinga akimwita mnyama "wa asili ya nchi hii", maana yake ni kwamba spishi hiyo ilifika hapo yenyewe au ilitokea hapo hapo, bila kuletwa na binadamu. Hajasema kwamba haipatikani kwingine. Simba ni wa asili Tanzania, ni wa asili Botswana, na ni wa asili India pia.

Wa kipekee ni yule ambaye maskani yake yote ya asili yamo ndani ya eneo lililotajwa. Kipunji, kima aliyetambulishwa kisayansi mwaka 2005, huishi porini kusini mwa Tanzania tu. Kwa hiyo kila mnyama wa kipekee ni wa asili, lakini wa asili wengi si wa kipekee.

Kinachovuruga mambo ni mipaka ya nchi, kwa sababu wanyama hawakuipanga. Mtazame sangara. Ziwa Turkana na Ziwa Albert ni kwao, hivyo ni samaki wa asili Kenya na Uganda. Lakini Ziwa Viktoria aliingizwa na watu katika miaka ya 1950, na huko akawala furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, mpaka spishi zao nyingi zikatoweka. Nchi ni ile ile, ila katika ziwa moja ni mwenyeji na katika jingine ni mvamizi. Kima punju naye ni wa Unguja. Katika miaka ya 1970 wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba. Ni wa kipekee Zanzibar, na bado Pemba ni mgeni.

Mgeni si lazima awe mvamizi. Mvamizi ni mgeni anayezaliana bila msaada, akasambaa na kudhuru waliomtangulia, kama kunguru wa Hindi katika miji ya pwani.

Upekee una hatari yake, na filamu nyingi huipitia haraka mno. Chura wa Kihansi aliishi katika korongo moja tu la Udzungwa, kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mradi wa umeme ulipoyachepusha maji, manyunyu yakapungua. Vinyunyizio viliwekwa, lakini baadaye idadi ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu ulipatikana miongoni mwao. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Hapakuwa na korongo la pili la kumrudishia mbegu. Waliorejeshwa kuanzia 2012 walitokana na vyura waliopelekwa mapema kwenye bustani za wanyama Marekani.

Anayeandika maelezo ya filamu ataje eneo kamili: ziwa, kisiwa au safu ya milima, badala ya jina la nchi peke yake. Tena aseme kama anazungumzia spishi nzima au nususpishi, yaani kundi dogo ndani ya spishi, maana nususpishi inaweza kuwa ya nchi moja huku ndugu zake wametapakaa bara zima.