Je, wajua? Kamba ya manila ilivyokula kazi za Tanga, na serikali inachoweza kufanya kazi zinapohama

Niliingia duka la vifaa pale Ngamiani, Tanga, kutafuta kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Katani mnayo?"

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Katani ya jipsamu au ya kufungia?"

"Ya kufungia."

"Ya kufungia hatuleti siku hizi. Chukua manila." Akavuta kamba ya bluu kutoka kwenye roli, akanipimia mita kumi kwa mkono, akakata, kisha akachoma ncha kwa kiberiti isije ikafumuka. Harufu ya plastiki ikajaa duka.

Nikatoka nacheka peke yangu. Bodi ya Mkonge ina makao yake mji huuhuu. Ukishika barabara ya Muheza kwenda Korogwe unapita mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka. Halafu katikati ya mji huo kamba ya kufungia mzigo ni ya plastiki. Hata jina si la kwake: Manila ni mji mkuu wa Ufilipino, na kamba ya manila ya asili ilisokotwa kwa nyuzi za mmea wa huko unaofanana na mgomba. Plastiki ilimuua mwenye jina, ikarithi na jina lenyewe.

Siku hizi kila mtu anauliza kama akili mnemba itatunyang'anya kazi, na kama itatunyang'anya, serikali itafanya nini. Tanga ilishaulizwa swali hilo miaka sitini iliyopita. Aliyeuliza alikuwa kamba.

Mkonge si wa kwetu kwa asili. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche ilikuwa kama elfu moja kutoka Florida, Marekani, lakini iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyotapakaa mkoani. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000 za katani na kuongoza dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 mashamba yaliajiri zaidi ya watu 100,000. Ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba, na walitoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi, hata Msumbiji. Ukikuta leo Mmakonde aliyezaliwa Muheza na Kimakonde hakijui vizuri, muulize babu yake alikuja kufanya nini.

Kilichowezesha yote hayo ni mashine. Jani la mkonge, chini ya asilimia 5 ya uzito wake ndiyo nyuzi, kilichobaki ni maji na nyama ya jani. Kukwangua kwa mkono ni kazi ya kutwa nzima kwa kilo chache. Kwa hiyo mashambani kuna mtambo unaoitwa korona (jina ni la zamani, ugonjwa ulilikuta). Majani yanaingia upande mmoja, yanapondwa na kukwanguliwa huku yakimwagiwa maji, na upande wa pili zinatoka singa zenye rangi ya kijani kilichopauka. Zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Mtambo mmoja ulifanya kazi ya watu wengi sana, na bado haukumfukuza mtu. Uliwaita maelfu. Lazima mtu alime, apande, akate, abebe, aanike, afunge.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Teknolojia inaweza kugusa ajira kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza mikono inayohitajika kwa kila tani. Hiyo si lazima iue kazi, maana bidhaa ikishuka bei wateja wanaongezeka, tani zinaongezeka, na mikono inaweza kuwa mingi kuliko mwanzo. Ya pili ni kuchukua mteja mwenyewe. Mkonge ulinufaika na ya kwanza, ukauawa na ya pili.

Mteja mkubwa wa katani alikuwa mkulima wa Ulaya na Marekani, aliyefungia mazao na majani makavu ya mifugo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaingia sokoni polipropilini, plastiki inayotokana na mafuta ya petroli: nyepesi, haiozi, na bei yake chini. Wakati huohuo mashine kubwa zinazovuna na kupura kwa mpigo mmoja zilikuwa zinaenea, na hizo hazina haja ya kufunga miganda. Bei ya katani ikaporomoka katikati ya miaka ya 1960. Hakuna korona mpya ambayo ingemrudisha yule mkulima.

Serikali ilifanya nini? Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Sina nia ya kufufua ugomvi wa Ujamaa hapa. Ninachosema ni kwamba kubadilisha mwenye shamba hakukubadilisha soko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000, na mashamba ya umma yakauzwa. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1983, ikaja Nguvu Kazi, sheria ya kumlazimisha kila mtu afanye kazi. Mijini watu walisombwa kwenye magari kwa kosa la uzururaji na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini kabla msimu haujaisha. Kazi ambayo mshahara wake haumlishi mtu haishikiki kwa polisi.

Basi serikali inaweza nini hasa? Kwanza ijue kama mteja amesita kwa muda au amehama kabisa, kwa sababu dawa ni tofauti.

Kama ni dhoruba ya kupita, unaweza kulinda kazi yenyewe. Wajerumani wana mpango wa siku nyingi unaoitwa Kurzarbeit. Kiwanda kikikosa oda hakifukuzi mtu, kinapunguza saa. Mfanyakazi analipwa na mwajiri kwa saa alizofanya, na kwa zile alizokosa mfuko wa bima ya ajira unamfidia asilimia 60 ya kipato alichopoteza, au 67 akiwa na mtoto. Mwaka 2009 uchumi wao ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5, watu karibu milioni moja na nusu wakawa kwenye mpango huo, na ukosefu wa ajira haukupanda sana. Wakati wa Uviko mwaka 2020 walifika karibu milioni 6. Oda ziliporudi, fundi alikuwa bado yupo kiwandani na anaijua mashine yake.

Ila Kurzarbeit isingeokoa katani. Ungelipa nusu mshahara miaka ishirini ukimsubiri mteja aliyekwishahama. Hapo inabidi uiache kazi ife na umshike mtu. Denmark wanafanya hivyo: mwajiri anaruhusiwa kupunguza watu bila vikwazo vingi, lakini aliyepunguzwa, akiwa mwanachama wa mfuko wa bima ya ajira, anaweza kupata fao hadi miaka miwili, huku akisukumwa kwenye mafunzo na kutafuta kazi nyingine. Hawaogopi mashine sana, kwa sababu kufukuzwa kwao si kuanguka kisimani.

Na sisi? Tunalo fao la kukosa ajira, lililoletwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018: mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, aliyechangia angalau miezi 18 anapata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Wafanyakazi walilipokea kwa kununa, kwa sababu lilikuja mahali pa fao la kujitoa, lililomruhusu mtu kuchukua michango yake yote akiachishwa kazi. Kimsingi wazo si baya. Shida yake ni kwamba linamhusu aliyeajiriwa kwa mkataba, na Tanga unayoiona barabarani si ya mikataba. Kuna muuza samaki, mama ntilie, fundi baiskeli, dereva bajaji. Mafuta yakipanda au abiria wakipungua, wao hawaachishwi kazi na mtu yeyote. Wanaamka siku moja na kazi haipo.

Kwa hiyo kwetu chombo kinachotajwa kila mara ni mafunzo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na inafadhiliwa kwa sehemu na SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwajiri anailipia mishahara ya watu wake. Mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Utaniruhusu nichokoze kidogo: tozo hiyo inamtoza mwenye kiwanda kwa kuajiri. Akinunua mashine badala ya kuongeza vijana kumi, mashine haina SDL. Tunakata kodi kwenye kitu kilekile tunachosema tunakitaka.

Kitu kimoja cha VETA nakipenda, nacho hakisemwi sana: urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunza chini ya mwembe anapimwa, anaongezewa pale penye upungufu, anapewa cheti. Huyo kazi anaijua tayari, alichokosa ni karatasi ya kumwingiza getini. Hii ni rahisi kuliko kumfundisha kijana ufundi ambao mjini hakuna anayeuhitaji. Mikopo ya halmashauri nayo ina ugonjwa wa namna hiyo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Pesa ni nzuri. Lakini kikundi cha vijana kikiulizwa kitafanya nini, mara nyingi jibu ni bodaboda, na mtaa wenye bodaboda thelathini ukiongezewa kumi hauongezi abiria.

Abiria, yaani mteja, ndiye anayesahaulika. Nenda bandarini uone. Zamani meli kubwa ilikuwa haifiki gatini Tanga, kina hakikutosha. Ilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, mzigo ukanyanyuliwa tena. Mkono juu ya mkono. Kisha serikali ikatumia shilingi bilioni 429.1, ikapatikana gati la mita 450 lenye kina cha mita 13, na meli inakuja kufunga palepale. Ukitazama kwa jicho la kuli wa tishari, kazi imekufa. Lakini mwenye mzigo aliyekuwa anaikwepa Tanga kwa sababu ya kulipia upakuaji mara mbili sasa ana sababu ya kuja, na mzigo wake unahitaji lori, dereva, turubai, wakala wa forodha, mama wa chai alfajiri. Hiyo ni njia ya kwanza, ya korona, na safari hii serikali ndiyo iliyoifungua.

Inaweza pia kuifunga kwa kalamu. Wakala wa pesa za simu wamejaa kila kona ya nchi hii tangu mwaka 2008, na hakuna chuo kilichowafundisha. Serikali ilichofanya ni kuruhusu kampuni za simu zibebe pesa. Julai 2021 ikaweka tozo ya miamala. Watu wakarudi kubeba noti mfukoni, vibanda vikapooza, na wiki chache baadaye tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Hakuna wakala hata mmoja aliyefukuzwa na kompyuta wala roboti.

Mkonge wenyewe haujafa kabisa. Serikali iliuweka kwenye mazao ya kimkakati na kujiwekea lengo la tani 120,000 ifikapo 2025, zaidi kidogo ya nusu ya zile za 1964. Wateja wa sasa si wale wa zamani: mafundi wa dari wanachanganya singa kwenye jipsamu isipasuke, ndiyo maana yule mzee aliniuliza swali lake. Pale Hale waliwahi kujenga mtambo wa kugeuza makapi ya korona, zile asilimia 95 zilizokuwa zinatupwa, kuwa gesi na umeme. Hapo naona akili zaidi kuliko kwenye hotuba nyingi za kufufua viwanda.

Na sasa kuna Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia. Miradi ya namna hii inabeba maelfu wakati wa kujenga: wachomeleaji, madereva, wapishi wa kambini, walinzi. Likishajengwa, mafuta yanasukumwa na mitambo na wanaobaki kuyaangalia ni wachache. Kamba ya plastiki ilitukuta bila taarifa, lakini bomba lina ratiba, na ratiba iko mezani kwa serikali, mkandarasi na halmashauri. Kijana anayechomelea anajua mkataba wake unaisha lini. Nilimuuliza mmoja, kwenye kahawa, baada ya hapo anaenda wapi.

"Sijui bro," akasema. "Labda nichukue bodaboda."