Umaskini wa mpito ni umaskini gani?

Umaskini wa mpito ni ule unaowakuta watu pale nchi inapoacha uchumi uliopangwa na serikali na kuingia uchumi wa soko. Sio umaskini wa kuzaliwa nao. Ni wa mtu ambaye jana alikuwa na kazi, kasoma, ana akiba benki, leo hana kitu na wala hajakosea popote.

Urusi ndo mfano unaouma zaidi. Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Rais Yeltsin iliacha kupanga bei za vitu vingi, soko likajipangia, na ndani ya mwaka huo bei zikapanda zaidi ya mara 25, sasa fikiria mama aliyeweka rubli zake (hela ya Urusi) kidogokidogo miaka 20 ili azeeke vizuri, zile hela zikawa hazinunui chochote cha maana. Mwisho wa mwezi huohuo ikatoka ruhusa ya mtu yeyote kuuza chochote barabarani, basi Moscow ikajaa watu wamesimama kwenye mstari, huyu kashika jozi ya viatu, yule kopo la nyama, bibi kashika shali yake mwenyewe. Wengine walimu na mainjinia kabisa.

Kitu ambacho wengi hatukioni ni kwamba kiwanda cha Kisovieti, yaani cha enzi Urusi ilipokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti na serikali ndiyo inapanga uchumi, hakikuwa mshahara tu. Nyumba, chekechea, zahanati, hata sehemu ya kwenda likizo, mara nyingi vilitoka hapohapo, kwa hiyo kiwanda kikiyumba unapoteza vyote kwa mpigo. Na wengi hata hawakufukuzwa, walikuwa wanaenda kazini miezi na miezi bila kulipwa, au wanalipwa bidhaa. Gus-Khrustalny, mji wa viwanda vya vioo, watu walipewa glasi badala ya mshahara wakawa wanaziuza stesheni na kandokando ya barabara.

Wanaume wa Urusi mwaka 1990 walitarajiwa kuishi kama miaka 64, kufika 1994 ikawa chini ya 58. Miaka minne tu jamani!

Halafu China nayo ilianza kufungua soko mwaka 1978 na umaskini ukapungua sana, kwa sababu haikubomoa mpango wa zamani siku moja, mkulima alitoa fungu la serikali, ziada akauza mwenyewe. Kwa hiyo mimi sikubali ukiniambia mateso yale hayakuepukika. Hata Tanzania waliopunguzwa kazi kwenye mashirika ya umma enzi za ruksa za Rais Mwinyi wanaijua hii hali.

Na ubinafsishaji ulipoanza Urusi, kila raia alipewa vocha ya rubli 10,000 ili apate hisa za viwanda, ila mwenye njaa hali hisa, wengi wakaziuza kwa bei ya kutupa kwa waliokuwa na hela taslimu.