MH370: kila nadharia na ijibu kwanza kuhusu saa 8:25 usiku

Kwa kuwa kazi yangu ni kutunza mifumo ya umeme na mawasiliano ya ndege, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni kilichoipata ndege ya Malaysia Airlines, safari namba MH370, iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Nadharia ni nyingi, na nyingi kati yake huishughulikia dakika ya kwanza ya mkasa na kuzisahau saa zilizofuata. Mimi huanza kuzipima kwa tukio ambalo watu wachache hulitaja, lililotokea saa 8:25 usiku kwa saa za Malaysia.

Ndege hiyo, Boeing 777, iliondoka Kuala Lumpur saa 6:42 usiku kuelekea Beijing. Saa 7:19 rubani aliwaaga waongoza ndege wa Malaysia kwa sauti ya kawaida, na saa 7:21 transponda yake, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada za waongoza ndege, ikanyamaza, pale pale anga ya Malaysia inapokabidhiana na ya Vietnam. Rada za kijeshi ziliiona ikigeuka, ikaivuka tena rasi ya Malaysia, kisha ikafuata mlango-bahari wa Malacca hadi saa 8:22, ilipotoka kwenye upeo wa rada.

Katika muda huo kifaa chake cha setilaiti nacho kilikuwa kimekatika, kwani ujumbe uliotumwa kutoka ardhini baada ya saa 8:00 haukupokelewa. Lakini saa 8:25 kifaa hicho chenyewe kikaomba kuunganishwa upya na setilaiti ya Inmarsat, kampuni ya mawasiliano ya setilaiti. Kifaa cha aina hiyo hufanya hivyo hasa kinapopata umeme baada ya kuukosa, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa kisa kizima: umeme ulipotea, kisha ukarudi, na ndege ikaendelea kuruka kwa takriban saa sita, ikielekea kusini mwa Bahari ya Hindi.

Wanaosema moto ulizuka, wakiitaja shehena ya betri za lithiamu iliyokuwemo, wanaeleza vizuri kunyamaza kwa transponda na hata uamuzi wa kugeuka. Wanachoshindwa kueleza ni moto unaoua mawasiliano yote, ukaacha umeme urudi, tena ukaiacha ndege ikiwa nzima hadi asubuhi. Nadharia ya kukosa oksijeni, yaani kwamba waliokuwemo walizimia kwa kukosa hewa, ina nguvu zaidi, kwa sababu tuna mfano wake: mwaka 2005 ndege ya Helios, shirika la Cyprus, iliruka hadi Ugiriki ikijiendesha yenyewe, watu wote 121 waliokuwemo wakafa ilipoishiwa mafuta. Hata hivyo, watu waliopoteza fahamu hawageuzi ndege mara kadhaa kufuata njia za anga. Nadharia hiyo inaweza kueleza zile saa za mwisho kuelekea kusini, lakini haielezi saa ya kwanza.

Inabaki dhana ya mkono wa mtu. Taarifa ya Malaysia ya Julai 2018 ilisema kugeuka kule kulifanywa kwa mkono na haikuondoa uwezekano wa mtu mwingine kuingilia, lakini haikumtaja mhusika. Kwenye kompyuta ya nyumbani ya kapteni zilipatikana alama za safari ya mfano zilizofika kusini mwa Bahari ya Hindi; wachunguzi hawakuona dalili yoyote ya mabadiliko katika tabia yake. Mimi nakubali kwamba ushahidi unaelemea upande wa kitendo cha makusudi, ila nakataa katakata kumhukumu marehemu kwa alama za kompyuta peke yake, hasa ikizingatiwa kwamba familia yake nayo inaomboleza.

Zile hadithi za ndege kutua Kazakhstan au Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya jeshi la Marekani katika Bahari ya Hindi, hazihitaji maneno mengi. Mawimbi ya setilaiti hubadilika kidogo kadiri ndege inavyosogea au kuondoka, kama honi ya lori linalotupita barabarani, na mabadiliko hayo yalionyesha kwamba ndege ilielekea kusini. Kisha bahari ikaleta ushahidi wake: kipande cha bawa kisiwani Réunion mwaka 2015, vingine Msumbiji, na Juni 2016 flapu ya bawa la kulia (sehemu ya nyuma ya bawa inayoshushwa ndege inapotua) ikaokotwa kisiwani Pemba. Wachunguzi wa Australia waliichunguza ile ya Pemba wakaona kwamba, kwa uwezekano mkubwa, ilikuwa imekunjwa, yaani haijashushwa, ilipong'oka. Rubani anayejiandaa kutua majini huzishusha flapu. Ukiongeza kwamba mawimbi ya mwisho, ya saa 2:19 asubuhi, yanaonyesha ndege ikishuka kwa kasi kubwa, ni vigumu kuamini kwamba mtu alikuwa akiiongoza taratibu hadi majini.

Zaidi ya kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari zilipekuliwa hadi Januari 2017, na kampuni ya Ocean Infinity ikaongeza nyingine zaidi ya 110,000 mwaka 2018. Nataka msako uendelee, lakini wasomaji wajue tunachokitafuta. Kinasa sauti cha chumba cha marubani huhifadhi saa mbili za mwisho tu, kwa hiyo mazungumzo ya saa 7:21 yalifutika ndege ikiwa bado angani. Kinasa data ndicho huhifadhi saa 25, na humo ndimo ilimo rekodi ya namna ndege ilivyogeuzwa na hali ya mifumo yake usiku ule.