Osteoporosisi: Mfupa Hauumi Mpaka Uvunjike

Mtu akisema ana ugonjwa wa mifupa, mara nyingi anamaanisha magoti yanayomuuma asubuhi au kiuno kinachokaza anapoinuka. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa lenye madhara kuliko mengine yote. Maumivu hayo kwa kawaida ni ya viungo, kama baridi yabisi au kulika kwa gegedu, ilhali osteoporosisi ni mfupa wenyewe kupungua uzito na uimara kwa ndani pasipo mwenyewe kuhisi lolote. Kila siku mwili hubomoa mfupa wa zamani na kujenga mpya. Hadi karibu umri wa miaka 30 ujenzi hutangulia, baadaye ubomoaji huushinda, na kwa mwanamke huenda mbio zaidi hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiuzuia imepungua.

Anayengoja maumivu, basi, hungoja mpaka avunjike. Bibi huteleza bafuni, nyonga ikavunjika, na nyumba nzima ikailaumu sakafu iliyolowa. Lakini mfupa wenye afya hauvunjiki kirahisi mtu anapoanguka akiwa amesimama tu. Ukivunjika hivyo baada ya miaka 50, iwe nyonga, kifundo cha mkono au pingili ya uti wa mgongo, familia imuulize daktari kuhusu osteoporosisi wakati huohuo, kwani aliyevunjika mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena. Pingili ndizo zinazotudanganya, maana nyingi hubonyea bila kujulikana. Mama huinua ndoo ya maji, mgongo ukamchoma, akachuliwa kwa dawa, yakaisha. Miezi kadhaa baadaye gauni lililokuwa likimfika kwenye vifundo vya miguu linaburuta chini kwa mbele. Sisi husema ni uzee na kukizoea kibiongo chake, kumbe kupungua kimo kwa sentimita 4 au zaidi ni sababu tosha ya kumpeleka akapigwe eksirei ya mgongo.

Wengine huamini kwamba maradhi haya ni ya Wazungu. Ni kweli kuwa kwa wastani mifupa ya watu weusi ina msongamano mkubwa zaidi, ila wastani haumkingi mtu mmojammoja, na kipimo cha DEXA kinachopima msongamano huo hakipatikani katika hospitali nyingi za kwetu, kwa hiyo wengi hawajapimwa kamwe. Wala si maradhi ya wanawake peke yao: makadirio ya kimataifa ni kwamba, kati ya waliopita miaka 50, mwanamke 1 katika 3 na mwanamume 1 katika 5 huvunjika kwa sababu hii. Sigara, pombe nyingi, na dawa za steroidi kama prednisolone zikitumiwa kwa miezi 3 au zaidi huongeza hatari, ingawa dawa ya hospitali isiachwe bila ushauri wa daktari.

Kuhusu chakula, supu ya kongoro husifiwa kupita kiasi, kwani mchuzi wa mifupa una kidogo tu ya kalsiamu, madini yanayoujenga mfupa. Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, maziwa, mtindi na sukuma wiki hutoa zaidi. Mchicha unayo, lakini huifunga kwa kemikali ya oksaleti, mwili ukaambulia kidogo. Jua nalo hutengeneza vitamini D, inayousaidia mwili kufyonza kalsiamu, pale linapoifikia ngozi, hivyo anayeshinda ndani au kujifunika mwili mzima anaweza kupungukiwa hata akiwa Mombasa. Wala mzee asikalishwe kitini kwa kuhofia ataanguka, kwa sababu kutembea na mazoezi mepesi ya kusimama huupa mfupa kazi na kuimarisha misuli inayomzuia kuanguka.

Aliyekwisha kupata maradhi haya si kweli kwamba hana dawa. Alendronate, kwa mfano, hupunguza uwezekano wa kuvunjika. Vidonge vyake vya kila wiki humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu hukaa wima au kusimama kwa dakika zisizopungua 30 bila kulala, ili dawa isimuunguze koo la chakula.