Ulimbwende ni nini? Tuuone ndani ya Frankenstein

Watu wengi wakiskia riwaya ya kiromantiki wanawaza mahaba tu. Hapana, ulimbwende, au uromantiki kama wengine wanavyouita, ni mkondo wa fasihi ulioshika Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 18, waandishi walichoka kuambiwa akili na hesabu ndo kila kitu, wakazipa nafasi hisia, ubunifu, maumbile ya asili na mtu mpweke anayepambana na nafsi yake.

Chukua Frankenstein ya Mary Shelley, ilitoka London mwaka 1818 bila jina lake. Aliianza 1816 akiwa na miaka 18 kule ziwa Geneva, Uswisi, kiangazi kilichoharibika kwa mvua na baridi maana volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka mwaka uliotangulia, basi Mary na wenzake wakajifungia ndani na mshairi Lord Byron wakishindana kutunga hadithi za kutisha.

Humo maumbile sio mapambo. Victor Frankenstein, mwanasayansi kijana aliyeunda kiumbe hai, mdogo wake kauawa, Justine, mtumishi wa kwao, kanyongwa bila kosa, basi Victor anapanda milima ya Alps kutafuta nafuu na kweli moyo unatulia kidogo, afu palepale juu ya barafu ndo yule kiumbe wake anamtokea. Uzuri unaotisha, mlima mkubwa mpaka unajiona si kitu, mi naona hiyo ndo alama ya ulimbwende kuliko zote.

Kiumbe mwenyewe (hana jina, Frankenstein ni huyo aliyemuumba, jamani) hakuanza na ubaya. Anajifunza lugha kwa kuchungulia familia ya De Lacey, anasoma Paradise Lost (utenzi wa Milton juu ya Adamu na Shetani), anatamani kupendwa, na mzee kipofu tu ndo anamsikiliza vizuri, wenye macho wanampiga. Ubaya umetoka kwenye kukataliwa, wazo la kilimbwende kabisa.

Ila dhamira ndo inanivutia zaidi. Waandishi wa ulimbwende walimpenda shujaa anayevunja mipaka peke yake, Mary akaipa riwaya jina la pili, Prometheus wa Kisasa (Prometheus ni yule wa hadithi za Wagiriki aliyeiba moto wa miungu akawapa binadamu), akaonyesha gharama yake: Victor anajifungia Ingolstadt, mji wa Ujerumani anakosoma, hawaandikii hata nyumbani, kiumbe akifungua macho yeye anakimbia. Wengi husema kitabu kinapinga sayansi, mi sikubali, kosa lake ni kuleta kiumbe duniani na kumtelekeza. Byron aliandika shairi la kumtukuza Prometheus 1816 hiyohiyo, Percy, mume wa Mary, akachapisha tamthilia juu yake 1820, ila Mary ndo aliyewahesabu waliokufa kwa ajili ya huyo shujaa.