Kabla hujakata tiketi ya pauni 20 kwenda Málaga

Kazi yangu ni kukata tiketi hapa London, na wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya. Ombi ninalolisikia sana ni hili: "Nimeona Barcelona kwa pauni 20, niwahishie kabla haijapanda." Huwa nauliza kwanza, hiyo ndege inatua wapi? Maana "Barcelona" ya bei hiyo mara nyingine ni Girona, kilomita kama 90 kutoka mjini, au Reus, ambayo ni mbali zaidi. Ukishalipa basi la kwenda na kurudi, ule unafuu umeyeyuka.

Kwa anayetaka bahari ya Mediterania kwa siku tatu nne, mimi humwelekeza Málaga, kusini mwa Hispania. Safari ya angani haifiki saa tatu, na uwanja uko kilomita 8 hivi kutoka katikati ya mji. Ukishachukua begi lako unapanda treni ya mstari wa C1, unashuka Centro-Alameda baada ya dakika kumi na kitu, kwa chini ya euro 3. Kutoka hapo, ngome ya Alcazaba na ufukwe wa Malagueta ni mwendo wa miguu. Treni hiyohiyo ukiipanda kwa upande wa pili inakufikisha Torremolinos na Fuengirola, kwenye hoteli za ufukweni. Gari la kukodi la nini?

Upande wa London nako kuna mtego. Ndege za bei ya chini kabisa mara nyingi huondoka saa 12 asubuhi, maana yake saa 10 alfajiri uwe umeshafika uwanjani. Anayekaa Croydon, kusini mwa London, akikatiwa Stansted, uwanja ulio kaskazini, teksi ya usiku itameza zaidi ya nauli yenyewe. Huyo ni wa Gatwick, uwanja wa upande wake, hata tiketi ikiwa ghali zaidi kwa pauni 15.

Miezi ninayoipenda ni Novemba hadi mwanzoni mwa Machi, ukiondoa Krismasi na likizo ya shule ya Februari. Januari mchana joto la Málaga hufika kama nyuzi 17. Kuogelea sahau, lakini kukaa nje kwa shati unaweza. Wiki ya kabla ya Pasaka ikwepe: maandamano ya kidini hujaza mji, na bei za hoteli hupaa. Katikati ya Agosti, wakati wa Feria, sherehe kubwa ya mji, ni vilevile.

Sasa begi. Nauli ya chini inabeba begi dogo tu la kuweka chini ya kiti cha mbele: shirika la easyJet sentimita 45 kwa 36 kwa 20, Ryanair 40 kwa 30 kwa 20. Magurudumu na mshikio vinahesabika. Pale getini kuna kipimo, begi lisipoingia unalipa papo hapo, na malipo ya getini ni makali kuliko ya mtandaoni. Chukua begi la mgongoni la kitambaa, linabonyea. Kuchagua kiti, kwa safari fupi hivi, mimi huruka.

Linalowakwamisha watu wetu zaidi ni viza. Pasi ya Tanzania au Kenya, hata ukiwa na ukaazi wa kudumu Uingereza, bado inataka viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ikiwemo Hispania. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na kituo cha kupokelea maombi kina makato yake juu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo tafuta miadi kwanza, tiketi isiyorudishwa pesa baadaye. Ukipewa viza ya kuingia mara nyingi, panga safari ya pili humohumo, ada igawanyike. Na siku ya kuondoka, hata kama umeshajisajili kwa simu (check-in), pitia kaunta ya shirika wakakague viza kabla hujaingia kwenye ukaguzi wa mizigo. Wanaokwenda moja kwa moja getini ndio wanaorudishwa, foleni ya kaunta ikiwa imeshafungwa.