Mwanafunzi wa biashara anaenda kusoma nini hifadhi ya taifa?

Kuna swali tunaulizwa sana na wazazi, na hata wanafunzi wenyewe wakiona ratiba: mtu anasoma uhasibu au masoko, kwa nini apelekwe hifadhi ya taifa, si aende benki au kiwandani kama wenzake? Wengine wanadhani ni safari ya kupiga picha na wanyama halafu unarudi na ripoti ya kurasa tano. Na kusema kweli ziara za namna hiyo zipo, basi linajaa, watu wanaimba njia nzima, mhifadhi anatoa hotuba, mchezo umeisha. Hiyo sio ninayoizungumzia hapa. Nazungumzia chuo na hifadhi kukaa chini, hifadhi ikaleta tatizo lake la kweli la kibiashara, wanafunzi wakalichimba kwa miezi kadhaa na mwishoni wakaacha kitu ambacho mhasibu wa hifadhi au mhifadhi mkuu anaweza kukifanyia kazi.

Sasa hifadhi ina biashara gani? Ukiitazama kwa jicho la mhasibu ina wateja, ina geti linalokusanya kiingilio, ina hoteli na kambi zilizo kwenye mkataba, ina magari, barabara, mishahara, majengo yanayochakaa, ina msimu watu wanafurika na msimu geti linalala. Hapo mwanafunzi anasema aah, kumbe ni kampuni tu. Hapana, ngoja kwanza. Dukani mzigo ukiisha unaagiza mwingine, lakini hifadhi ukiuza kuliko inavyoweza kubeba unaharibu kile kile unachouza, na ukiuza kidogo mno hela ya doria inakosekana, majangili wanaingia, unakiharibu vilevile. Halafu mwenye mali ni wananchi, pamoja na wale ambao hawatakanyaga humo maisha yao yote na wale ambao bado hawajazaliwa. Vitabu vingi vya masoko vya mwaka wa kwanza havina sura ya kumfundisha mtu kuuza kidogo kwa makusudi, na ndo maana sisi tunaofundisha biashara tunazihitaji hifadhi pengine kuliko zinavyotuhitaji.

Mfano ninaoupenda ni wa gorila wa milimani. Mei 2017 Rwanda ilipandisha bei ya kibali cha kuwaona kutoka dola 750 hadi dola 1,500, yaani mara mbili kwa mpigo mmoja. Kabla mwanafunzi hajakimbilia kusema hiyo ni tamaa, aelewe kwanza mzigo wenyewe ulivyo: familia moja ya gorila inatembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, tena kwa saa moja tu, na familia zilizozoeshwa kuona watu ni za kuhesabu. Kwa hiyo hata wakija watu elfu moja getini na hela mkononi huwezi kuongeza nafasi, na kibali cha leo kisipouzwa leo ndo kimekufa, huwezi kukiweka stoo ukakiuza kesho. Ukishabanwa hivyo, kilichobaki cha kugusa ni bei. Hapo ndo maswali yanaanza. Jirani yake Uganda wakati huo alikuwa anauza dola 600, je wateja watavuka mpaka? Wale wageni wa bajeti ndogo waliokuwa wanalala gesti za kawaida na kula kwenye vijimgahawa vya mjini wakipotea, hasara hiyo anaibeba nani, maana kwenye vitabu vya hifadhi haionekani? Mgeni aliyelipa 1,500 anategemea huduma ya namna gani? Na kwa nini wakati huo huo mgao wa mapato ya hifadhi unaokwenda kwa jamii zinazoishi jirani ulipandishwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10? Mwanafunzi akiyabeba maswali yote manne kwa pamoja, bila kung'ang'ania moja na kutupa mengine, huyo tayari anafikiri kama meneja.

Halafu mpe mfano wa pili umchanganye. Agosti 2024 Ecuador nayo ilipandisha kiingilio cha hifadhi ya Galápagos kwa wageni wengi wa nje kutoka dola 100 hadi 200, bei ambayo ilikuwa haijaguswa tangu 1998. Mara mbili kama Rwanda, sawa, lakini je sababu ni ile ile? Pale hakuna ule utaratibu wa watu 8 kwa familia moja, kuna visiwa vyenye watu wanaoishi humo na miundombinu yao, kuna miaka zaidi ya 20 ya mfumuko wa bei uliokula thamani ya dola 100. Ukijibu kwa kukopi jibu la gorila umefeli. Hapa ndipo nawatambua waliokariri na walioelewa.

Nisije nikaonekana nimebuni kitu, hili la wanafunzi wa biashara kufanya kazi na hifadhi lina historia yake. Kule Marekani, ambako ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya taifa, Yellowstone, mwaka 1872, shirika la serikali la National Park Service lilishirikiana na asasi ya National Parks Conservation Association kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwaweka wanafunzi wa shahada za uzamili, wengi wao wa biashara, ndani ya hifadhi kipindi cha kiangazi wasaidie kuandika mpango wa biashara wa hifadhi husika. Ukisikia mpango wa biashara unafikiria mkopo wa benki na faida ya mwaka wa tatu, lakini huu ulikuwa tofauti. Shughuli zote za hifadhi ziligawanywa kwenye mafungu makubwa, kama kulinda rasilimali, kuhudumia wageni, uendeshaji wa majengo na mitambo, matengenezo, na utawala, halafu kila fungu linaulizwa: ili kazi hii ifanyike kwa kiwango kinachotakiwa tunahitaji watu wangapi na hela kiasi gani, na tulicho nacho ni kiasi gani? Tofauti yake ndo pengo.

Inaonekana rahisi, ila mimi naona hilo ndo somo kubwa kuliko yote. Karibu kila taasisi ya umma duniani inalalamika bajeti haitoshi. Haitoshi kufanya nini? Ukiuliza hivyo watu wananyamaza, kwa sababu kuna hela iliyotumika ila hakuna kumbukumbu ya kazi iliyofanyika, doria ngapi, kilomita ngapi za barabara, wageni wangapi waliohudumiwa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi akikaa wiki kadhaa na mafundi, na watu wa getini, na askari wa doria, akiuliza kazi yako inachukua saa ngapi na inakwama wapi, anatoka na hesabu ya gharama ambayo haipo kwenye mfumo wowote wa kompyuta pale ofisini, na anajifunza pia kwamba fundi bomba wa miaka mingi anajua mambo ya fedha za hifadhi ambayo mkurugenzi hayajui.

Kuna hili la uchakavu. Darasani uchakavu ni mstari mmoja kwenye mahesabu, unagawa bei ya jengo kwa miaka yake, unaendelea na maisha yako. Hifadhi za Marekani zina rundo la matengenezo yaliyoahirishwa linalokadiriwa kuzidi dola bilioni 20, barabara, mabomba ya maji, madaraja, nyumba za kihistoria, na hii ni hata baada ya bunge lao kupitisha sheria mwaka 2020 ya kutenga hadi dola bilioni 1.9 kila mwaka kwa miaka 5 kwa ajili ya ardhi za umma, sehemu kubwa ikielekezwa kwenye hifadhi. Wageni wanaingia wanafurahia, hakuna anayeona kwamba bomba la chini limeoza. Mwanafunzi akiambiwa tengeneza utaratibu wa kuamua kipi kikarabatiwe kwanza, choo cha wageni au daraja la doria, anakuta fomula zake za kuchagua mradi wenye faida kubwa hazimsaidii sana kwa sababu choo hakiingizi shilingi wala dola. Na ile rasilimali kubwa kuliko zote, wanyama na misitu, kwa kawaida haimo kabisa kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha mali hai, IAS 41, kinahusu shughuli za kilimo, ng'ombe wa shambani anaingia, tembo wa porini haingii. Kwa hiyo hifadhi inaweza kupoteza nusu ya tembo wake na vitabu vikaonyesha mwaka ulikuwa mzuri tu. Huyo mwanafunzi wa uhasibu ambaye halimkeri hilo sijui tumfundishe nini tena.

Upande wa mikataba nawapa kesi ya Yosemite, hifadhi nyingine ya Marekani, na kila mwaka inaleta ubishi. Kampuni ya Delaware North ilianza kuendesha hoteli na huduma ndani ya hifadhi hiyo mwaka 1993, na ilipoingia ilitakiwa kununua mali za kampuni iliyotangulia. Mkataba uliofuata ukaenda kwa kampuni nyingine, Aramark. Delaware North ikasema sawa tunaondoka, lakini majina ya sehemu kama hoteli ya Ahwahnee ni alama za biashara zetu, mtulipe. Wao walizithamini mali hizo zisizoshikika karibu dola milioni 51, serikali ikasema hazizidi milioni 3.5 hivi. Mwaka 2016 hifadhi ikalazimika kubadilisha majina, hoteli iliyojulikana kwa vizazi ikawa na jina jipya, watu wakakasirika kweli, na mpaka 2019 ndo wakamalizana kwa dola milioni 12 majina yakarudi. Ubishi darasani huwa ni nani alikosea, ila mimi nawarudisha kwenye karatasi: ni kifungu gani kilitakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza, na nani kwenye hifadhi alikuwa na kazi ya kukisoma? Hifadhi nyingi zimejaa wataalamu wa ikolojia, wazuri sana, lakini upande wa pili wa meza mwekezaji amekuja na mawakili na wachambuzi wa fedha. Swali lingine ninalolipenda ni mwekezaji mwenye mkataba wa miaka 20, mwaka wa 18 paa linavuja, ana sababu gani ya kuliezeka upya? Akili za wanafunzi zinachangamka hapo kuliko kwenye kesi za makampuni ya simu.

Sasa nije kwenye ushirikiano wenyewe, maana wazo zuri linakufa kwenye utekelezaji. Kosa la kwanza ni chuo kwenda na silabasi mkononi: wanafunzi wetu wanahitaji mada ya masoko, tupeni mada ya masoko. Hifadhi kwa adabu inatoa mada yoyote, ripoti inaandikwa, inafungiwa kabatini. La pili ni app. Jamani, karibu kila kundi la wanafunzi likipewa wiki mbili linakuja na wazo la app ya simu, kabla hata ya kujua getini kuna mtandao au hakuna, nani ataisimamia wao wakishahitimu, na tatizo la foleni linatokana na malipo au linatokana na watu wote kufika saa ile ile. Hifadhi ya Arches kule Utah, Marekani, ilipojaribu kupunguza msongamano kuanzia 2022 kilichofanya kazi kubwa haikuwa teknolojia yenyewe, ni uamuzi wa kugawa wageni kwa saa, mtu alikuwa anaweka nafasi ya kuingia muda fulani. Na uamuzi kama huo una maumivu yake, mtu aliyeendesha gari siku nzima bila kujua anarudishwa, hoteli za jirani zinalalamika. Ukitaka kushauri kitu kama hicho uwe umeongea na hao wanaolalamika.

La tatu ni data. Hifadhi inaogopa kutoa mahesabu yake na chuo kinaogopa kuuliza, mwishowe wanafunzi wanafanya kazi na makadirio ya kuokota mtandaoni. Andikianeni makubaliano mapema, nani anaona nini, nani anamiliki kazi ikiisha, na vitu gani haviandikwi kabisa, maana ripoti nzuri ya gharama za doria ikitaja faru wanapolindwa na askari wanabadilishana zamu saa ngapi umemsaidia jangili bila kutaka. Na tafadhali wanafunzi wasigeuzwe vibarua wa bure wa kukatia tiketi msimu wa wageni wengi, siku moja mbili za kukaa getini ni shule, miezi miwili ni unyonyaji.

Kuhusu maksi watu hawatakubaliana na mimi ila nitasema, nusu ya maksi itoke kwa hifadhi. Sio kwa kuangalia preso ilivyopendeza, kwa kuangalia kama ile karatasi ya hesabu iliyoachwa ina maelezo ya kutosha kwamba mtumishi wa pale anaweza kubadilisha namba za mwaka ujao mwenyewe bila kumpigia simu mtu aliyeshahitimu. Changanyeni pia makundi, mwanafunzi wa biashara mmoja wawili pamoja na wa wanyamapori, maana wa biashara peke yao wanapandisha bei mpaka wanasahau mnyama, na wa wanyamapori peke yao wanafunga geti.

Chuo kinachotaka kuanza kisisubiri hifadhi maarufu. Hizo zimejaa watafiti, na hifadhi ndogo isiyo na mchumi hata mmoja itakupokea vizuri zaidi na itakupa tatizo zito zaidi. Barua ipelekwe mapema, kabla bajeti ya hifadhi ya mwaka unaofuata haijafungwa, kwa sababu ushauri ukifika mwezi mmoja baadaye unasubiri mwaka mzima. Na isianze kwa kuomba nafasi za wanafunzi, ianze kwa kuuliza ni uamuzi gani mmekuwa mkiuahirisha kwa kukosa mtu wa kukaa chini kuupigia hesabu.